Mwaridi wa Pande Mbili

Asubuhi nyumbani kwetu huanza kwa kelele. Mume wangu anatafuta soksi. Wifi yangu amejifungia bafuni. Mimi niko kwenye cherehani mapema, kwa sababu wateja wangu wana tabia moja. Kitambaa wanakileta leo, na leo hiyohiyo wanataka kuvaa.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Wifi yangu, mdogo wake, ni msusi. Na mama mkwe, aliyekuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, ndiye mkuu wa nyumba. Ndiye mkuu wa bustani pia.

Bustani yenyewe ni ndogo. Ni kipande cha ardhi chini ya dirisha langu, kipana kama kitanda cha watu wawili. Katikati umesimama mwaridi mmoja tu. Mama mkwe aliupanda mwaka tulipohamia hapa. Maua yake ni mekundu, na harufu yake huingia mpaka ninaposhonea.

Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hasa mimi.

"Wewe ni mtu wa cherehani," mama mkwe aliniambia mara nyingi. "Udongo hauujui."

Alisema kwa upole, lakini iliniuma. Nguo zote alizovaa nilimshonea mimi. Vipimo vyake nilivijua kwa kichwa. Ila bustanini nilikuwa mgeni.

Kisha binti yake mkubwa akajifungua, na mama mkwe akafunga safari kwenda kumlea mzazi. Siku ya kuondoka alisimama getini na begi lake. Akamtazama mwanawe, akamtazama binti yake mdogo, kisha akanigeukia mimi.

"Mkwe, mwaridi nakuachia wewe," alisema. "Nikirudi niukute mzima."

Basi, nilijiona nimepewa ufunguo wa nyumba. Nikaapa moyoni kwamba mti ule hautapungukiwa na kitu.

Na kweli haukupungukiwa. Kila asubuhi niliumwagia ndoo nzima. Nikaomba samadi kwa mfuga kuku wa jirani, ikaja mbichi, bado ina joto. Nikaijaza kuzunguka shina. Mume wangu naye hakutaka kupitwa. Alichomelea fremu ya chuma, akatandika turubai juu yake, ili jua lisiuchome mti wa mama yake. Wifi akirudi jioni alishika mpira wa maji, akaumwagia kuanzia juu mpaka chini, kama anaosha kichwa cha mteja.

Majani yakaanza kuwa ya njano. Yakatoka madoa meusi ya mviringo. Matumba yakadondoka kabla ya kufunguka. Kila tulivyozidi kuuhudumia, mwaridi ulizidi kunyong'onyea. Mama mkwe alipopiga simu kuuliza habari, mume wangu alikimbilia bafuni, wifi akakumbuka ana mteja. Mimi nikamwambia kwamba majani yanaanguka, tunahangaika nao.

"Hangaikeni," alisema, na akakata simu.

Usingizi wangu uliisha hapo. Mti ukifa mkononi mwangu, nitabaki mtu wa cherehani mpaka nizeeke.

Siku moja jirani yetu alikuja kupunguza kiuno cha sare yake. Ni muuguzi, na mtaa mzima unamwita Sista. Nyuma ya nyumba yake ana miwaridi ya kila rangi. Nilikuwa nampima kiuno alipochungulia dirishani.

"Huyu mgonjwa mmemlaza tangu lini?" aliuliza.

Tukatoka nje. Sista akachuchumaa. Hakugusa kitu, alianza kwa maswali, kama yuko zahanati.

"Anakunywa maji mara ngapi?"

"Kila asubuhi," nilijibu. "Ndoo moja."

"Mimi humpa jioni," alisema wifi kutoka mlangoni.

Mume wangu akakohoa. "Na mimi nikiamka alfajiri huwa namwagia kidogo. Nilidhani mnasahau."

Tukatazamana. Sista alicheka mpaka akashika ukuta.

"Jamani, mnamzamisha," alisema. "Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukilowa muda wote, mizizi inaoza. Kabla ya kumwagilia, choma kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu, acha. Ukikuta pakavu, mwagilia taratibu mpaka maji yazame chini kabisa. Mwagilia asubuhi, na mwagilia chini, shinani. Wifi, majani hayaoshwi jioni. Yakilala na maji, kuvu inapata nyumba. Haya madoa meusi ni kuvu."

"Na turubai?" aliuliza mume wangu kwa sauti ndogo.

"Mwaridi unataka jua, fundi. Ukipata jua kuanzia asubuhi mpaka mchana, unashukuru. Hicho kibanda kahifadhie pikipiki."

Kisha akanusa. "Na samadi hii?"

"Ya kuku," nilisema. "Mbichi."

"Mbichi inaunguza mizizi. Ilundike pembeni ioze, mpaka isinuke tena na ishikike kama udongo. Hapo ndipo utaweka kidogo, mbali na shina."

Siku hiyohiyo tulibomoa kibanda. Tuliondoa samadi, tukachimba mfereji mwembamba ili maji yasituame. Majani yote yaliyoanguka tuliyaokota, tukayatia kwenye mfuko na kuyatupa. Sista alisema ugonjwa hujificha humo, na matone ya maji yakiruka huurudisha juu. Kazi ya kumwagilia nikabaki nayo peke yangu, nikawaambia wenzangu kwamba atakayeshika ndoo tutagombana.

Udongo ulipokauka vizuri, Sista alirudi na mkasi wa kupogolea. Aliufuta makali kwa spiriti.

"Sasa tunakata," alisema.

Mama mkwe hakuwahi kuukata mti ule hata mara moja. Kwake, kukata tawi lenye uhai ilikuwa dhambi.

"Matawi yamekufa, mengine yanasuguana," Sista alisema. "Hewa haipiti katikati. Usipokata, madoa yatarudi."

"Mimi simo," alisema mume wangu, akaingia ndani.

Nikanyoosha mkono. Kukata ni kazi yangu. Nimekata vitambaa vya maharusi bila kutetemeka. "Nionyeshe," nilisema.

Sista alinionyesha jicho. Ni kivimbe kidogo pale jani linapoungana na tawi. Hapo ndipo tawi jipya hutokea. Unachagua jicho linalotazama nje, ili mti ufunguke. Unakata juu yake kidogo, kwa mshazari, ncha ya juu iwe upande wa jicho, maji yateleze mbali nalo. Matawi makavu yanatoka yote. Yaliyo hai yanapunguzwa karibu nusu.

Nilikuwa nakaribia kumaliza upande wa dirishani geti lilipolia. Mama mkwe alisimama pale na begi lake. Hakutuambia kama anakuja. Huyo ndivyo alivyo, anapenda kutukuta tulivyo.

Alitazama matawi chini. Alitazama vigutu vilivyobaki. Akatazama mkasi mkononi mwangu.

"Nani amekutuma?" aliuliza polepole.

Sista alitaka kusema, nikamgusa bega anyamaze.

"Hakuna aliyenituma, mama," nilijibu. "Uliniachia mimi, na mimi ndiye ninayekata. Njoo uone."

Nilichukua tawi moja lililoanguka, nikalikwangua gamba. Ndani lilikuwa la kahawia, kavu kabisa. Nikakwangua kidogo tawi lililobaki mtini. Ndani lilikuwa la kijani.

"Hili limekufa siku nyingi," nilisema. "Hili linaishi. Nimetoa lililokufa ili hili lipate nafasi."

"Mti mgonjwa haukatwi," alisema. "Unaachwa upumzike."

"Tumeuacha bila kuukata, mama, na umezidi kuugua."

Aliweka begi chini, akazunguka mti mzima. Kisha akatoa hukumu.

"Upande wa dirishani umeshauharibu. Umalize. Upande wa ukutani ni wangu, asiuguse mtu."

"Sawa, mama. Ila niruhusu nitoe majani yenye madoa upande wako. Kwa mkono tu, sitakata."

"Kwa mkono tu," alisema, akaingia ndani bila kusalimia mtu.

Basi tukawa na mwaridi wa pande mbili. Upande wangu ulikuwa vijiti vitupu. Upande wake ulikuwa na majani, ingawa machache na ya njano. Kila aliyepita aliuliza upande wangu umepatwa na nini. Mume wangu alisema sasa tuna serikali mbili nyumbani, na yeye ni raia wa nchi zote. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye cherehani nikitazama vile vijiti, na nakiri kwamba machozi yalinitoka juu ya kitambaa cha mtu.

Lakini sikuacha kazi. Asubuhi nilichoma kidole udongoni. Nikikuta pakavu, namwagilia pande zote mbili, chini kabisa. Samadi ilipoiva niliweka kidogo, kisha nikatandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu ukae, bila kuzigusisha na shina.

Baada ya wiki chache nikaona kitu kwenye jicho la kwanza. Kilikuwa kidogo, rangi ya damu ya mzee. Kesho yake vikawa vingi.

Mama mkwe alikuwa amesogeza kiti chake karibu na bustani. Alisema anafuata jua.

"Hayo mekundu ni ugonjwa mwingine?" aliuliza.

"Ni machipukizi, mama. Yakikua yatakuwa ya kijani."

"Hm," alisema.

Vidukari wakaja, wadudu wadogo wa kijani waliojaa kwenye ncha laini. Zamani ningekimbilia dukani kununua sumu. Safari hii niliwafuta kwa vidole vyenye maji, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka wakapungua. Mama mkwe alitazama kila nilichofanya. Siku moja nilikuta vidukari wa upande wake wamefutwa pia.

Kisha upande wangu ukachanua. Maua yalikuwa makubwa, yamesimama juu ya matawi yenye nguvu. Upande wa ukutani ulitoa ua moja, dogo, limeinamisha kichwa. Mama mkwe alilitazama sana. Kisha akaniita.

"Mkwe, upande wangu umechelewa?"

"Haujachelewa, mama."

"Kaazime mkasi kwa Sista."

Nilikwenda mbio. Nilipouleta nikaufuta kwa spiriti, nikauelekeza kwenye tawi la kwanza kavu.

"Nimesema mkasi uletwe," alisema. "Sikusema ukate wewe. Nipe, unionyeshe hilo jicho."

Nilimpa. Alipitisha kidole kwenye tawi mpaka akalipata.

"Hapa?"

"Juu yake kidogo, mama. Kwa mshazari. Hapo."

Alivuta pumzi. Akakata. Tawi likaanguka miguuni pake, naye akabaki amelitazama.

"Miaka yote hii niliogopa," alisema. "Nilidhani nitauumiza."

"Hata mimi niliogopa," nilimwambia.

"Hukuonekana kuogopa." Akasogea kwenye tawi la pili. "Nishikie hili, lina miiba."

Tulimaliza pamoja, na upande wake nao ukachipua. Sasa mti wetu ni mmoja. Ua likichoka tunalikata, tukishuka mpaka kwenye jani kubwa la kwanza lenye vijani vitano, na nguvu za mti zinakwenda kutengeneza ua jipya. Madoa yakijitokeza tunatoa jani mapema. Maji anamwagilia mtu mmoja, na wifi ameukabidhi mpira wake wa maji kwa wanaoosha magari.

Juzi nilikuwa nashona, dirisha wazi. Mama mmoja alisimama getini akitazama maua. Mama mkwe alikuwa pale kwenye kiti chake.

"Shikamoo, mama," alisema yule mgeni. "Nimeyapenda sana mawaridi yenu. Naweza kupata kitawi nikaoteshe? Na unielekeze namna ya kuyatunza."

Mama mkwe hapendi kuulizwa kitu akashindwa kujibu. Nilijua atasimama na kuanza kueleza. Hakusimama.

"Marahaba," alisema. "Subiri kidogo nimwite mwenye bustani. Yuko ndani anashona."

Nikaacha nguo ya mteja kwenye sindano, nikatoka.