Umemuuliza Anataka Nini?

Kila jioni, jua likipungua ukali, Cheche alikuja kumbeba mama yake.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ndiyo maana watu walimpa jina hilo. Mama yake aliishi kwa dada mkubwa wa Cheche, fundi cherehani ambaye wote walimwita Fundi. Miguu ya mama haikuwa na nguvu tena. Cheche alimnyanyua kitandani, akamketisha barazani. Hapo bibi huyo alikuwa na raha zake. Anasalimia, anatania, anajua nani kanunua viatu vipya.

Siku moja Cheche aliingia kifua mbele. "Dada, sasa mimi ni mwanaharakati," alisema.

"Mwana nini?" Mkasi ulimponyoka Fundi.

"Mwanaharakati. Tunataka mabadiliko pale sokoni."

Jamani! Asubuhi ile ile redio ilitangaza kwamba katika mji wa mbali, watu walioitwa wanaharakati wamechoma magari. Fundi hakutaka kusikia zaidi.

"Humu ndani hawaingii watu wa siasa kali," alisema. "Ukiacha mambo hayo, rudi. Usipoacha, usinikanyagie kizingiti."

Cheche naye hasira zake ziko karibu. Aligeuka, akaenda zake. Hata mama hakumbeba.

Kesho yake Fundi alijaribu kumnyanyua mama peke yake. Nusura waanguke wote wawili. Basi mama akabaki chumbani, anatazama ukuta.

"Mwanangu yuko wapi?" aliuliza.

"Amekuwa mtu wa siasa kali, mama."

"Ala! Kachoma gari la nani?"

"Hajachoma. Lakini anajiita mwanaharakati."

Mama aliguna, akaugeukia ukuta tena. Fundi aliumia moyoni. Alimhurumia mama, lakini pia aliogopa. Majirani wangesema nini?

Siku zikapita. Mama akaacha hata kutania. Ndipo akaja Bi Uraia, mteja wa siku nyingi. Alifundisha elimu ya uraia katika madarasa ya watu wazima, na jina likamganda. Alileta gauni la dukani.

"Lebo inasema ni saizi yangu," alisema, "lakini mabegani halipiti."

Fundi alicheka. "Lebo! Mimi lebo hata siziangalii. Simama nikupime."

Alipokuwa akimpima, alimweleza habari za Cheche. Bi Uraia alisikiliza, mikono juu.

"Hebu niambie. Cheche anataka nini hasa?"

Fundi alisimama na utepe wake. "Sijui."

"Anataka kukipata kwa njia gani?"

"Sijui."

"Na asiyekubaliana naye, anamfanyaje?"

"We naye! Si nimekwambia sijui?"

Bi Uraia alitabasamu. "Kumbe mimi unanipima, mdogo wako hukumpima."

Fundi aliona haya, lakini hakukubali kirahisi. "Na wale waliochoma magari je? Nao si wanaitwa hivyo hivyo?"

"Wanaitwa. Na kuchoma gari la mtu ni kosa, hata mchomaji akijiita mpenda amani. Siasa kali ni kutaka jambo kwa kuumiza watu, kwa kuwatisha, au kwa kuwaziba wengine midomo. Jina peke yake halikuonyeshi hayo. Wapo wenye majina mazuri na matendo ya kutisha. Muulize mtu anataka nini, kisha mtazame anavyofanya."

Bi Uraia alipoondoka, Fundi alishindwa kushona. Swali lilimwasha. Hivi huyu mdogo wangu anataka nini? Alifunga cherehani, akaenda kwenye karakana ya Cheche.

"Cheche, hayo mabadiliko yenu ni yapi?"

Cheche alivua miwani yake ya kazi. Alishangaa kuulizwa.

"Malori yasishushe mizigo mchana mbele ya vibanda. Juzi moja limerudi nyuma, likamkosakosa muuza nyanya. Tunataka yaje alfajiri."

"Na mkikataliwa?"

"Tutaomba mkutano mwingine. Tutaandika barua halmashauri."

"Hamtachoma kitu?"

"Dada! Mimi kutwa naunga vyuma, nikachome malori?"

Fundi alicheka bila kutaka. Cheche akaendelea. "Tatizo ni mwenyekiti wa soko. Yule ni kibaraka wa wenye malori."

"Umemuuliza anataka nini?"

Cheche alijikuna kichwa. "Sijamuuliza."

Mkutano wa soko ulipofika, Cheche alimuuliza mbele ya wote. Mwenyekiti alieleza kwamba wauzaji wengi wanaishi mbali. Alfajiri hawatakuwepo, na mizigo itaibiwa.

Fundi naye alinyoosha mkono. "Mimi simuungi mkono mdogo wangu," alisema. "Vitambaa vyangu vinavyoshushwa hapa vikija alfajiri, nani atavipokea?"

Watu walinong'ona. Makubwa haya, dada mtu kampinga! Cheche alikunja uso. Alitaka kujibu kwa hasira, akajizuia, akafikiri kidogo.

"Je, malori yakishushia kwenye geti la nyuma?" aliuliza. "Kule hakuna vibanda."

"Geti lile halifunguki," alisema mwenyekiti. "Bawaba zimeoza."

"Hilo niachieni mimi."

Wakapiga kura, wengi wakakubali. Cheche na mwenyekiti walilitengeneza geti pamoja, mmoja ameshika chuma, mwingine anachomelea. Sasa malori yanapita nyuma, na muuza nyanya haruki tena kila akisikia honi.

Jioni ya mkutano ule, Cheche alikuja nyumbani kwa dada yake. Alisimama mlangoni, mguu haujavuka.

"Umenipinga mbele za watu, dada."

"Nimekupinga. Na wewe, bado ni mwanaharakati?"

Cheche alimtazama usoni. "Bado."

Fundi alivuta pumzi. Jina lile bado lilimkwaruza masikioni. Lakini sasa alimjua aliyelibeba. Alijisogeza pembeni kumpisha.

Kabla hajasema karibu, sauti ilitoka chumbani, kali kama ya zamani.

"Wewe mwanaharakati! Njoo unibebe, jua linazama!"