Farasi wa Vatto

Farasi alikuwa amelowa tena. Mvua haikunyesha, paa halikuvuja, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Lakini maji yalimchuruzika tumboni, na zizi zima lilinuka tope la mtoni.

"We Krautio," Maskulo aliita kutoka kitandani, "unamwogesha farasi, na mwenyewe hujaoga tangu mavuno?"

Krautio hakucheka. Katika ngome ile ya Warumi mpakani, wapanda farasi wa kabila la Kibatavi walilala hivyo: farasi mbele, watu nyuma, ubao katikati. Chumbani walikuwa watatu mpaka Vatto alipozama, siku kikosi kilipovuka mto kwa kuogelea na silaha zote mwilini, kila mtu ameshika farasi wake. Farasi wa Krautio alizama pia, kwa hiyo akapewa wa Vatto. Kila mtu alimsifu kwa kujaribu kumwokoa rafiki yake. Sifa zile zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Huyo ni mzimu wa mwenzetu," Maskulo alinong'ona jioni, matone yalipoanza tena kudondoka nyuma ya ubao. "Tumwite Mama Thuttena."

Mama Thuttena, mke wa mwoka mikate, alikuja na maharage meusi ya kuwatupia wafu ili waondoke. Kwanza alitaka aliyemwona Vatto mwisho aseme alivyokufa, mbele ya wenzake.

"Useme kweli, mwanangu. Ukidanganya, haya ni maharage tu."

Askari walijaa mlangoni. Krautio alitazama miguu yake. "Mkono wake uliteleza," alisema. Maskulo akampigapiga begani kumpa pole, na hapo Krautio alitamani ardhi immeze.

Kulipokucha kikosi kilivuka tena, na katikati ya mto, pale pale, maji yakimfika kidevuni na farasi akitoa macho kwa hofu, Krautio aliona mkono mwingine umeshika pembe ya tandiko kando ya wake, mkono wa rangi ya nta, kucha zimejaa tope, nao ukaanza kumbandua vidole kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo cha mwisho, taratibu, bila hasira, vile vile yeye alivyombandua Vatto siku ile farasi wake mwenyewe alipozama na tandiko la rafiki yake likawa dogo kwa watu wawili.

"Mimi ndiye niliyembandua," alipiga kelele. "Alikuwa ameshika. Mimi ndiye."

Walisikia wote, waliokuwa majini na waliokwisha kufika ng'ambo. Mkono ukaachia.

Hakuna aliyemvuta ukingoni. Jioni Maskulo alikunja blanketi lake akahama; tusi lingekuwa nafuu. Krautio alilala ametega sikio kwenye ubao. Farasi alikuwa mkavu, harufu imekwisha. Aibu ilimwunguza hata akajikuta akinong'ona jina la Vatto, akimwomba adondoshe walau tone moja.

Hata Vatto hakutaka tena kulala naye chumba kimoja.