Mama Mkubwa Hamwiti Mtu

Kila akitoka shule, Sekela alikwenda moja kwa moja kwenye kichanja cha kahawa nyuma ya nyumba yao, kijijini Iyula. Kazi yake ilikuwa kuigeuza kahawa iliyoanikwa na kuchambua mbovu. Aliipenda kazi hiyo mpaka mama yake mkubwa, Anyosisye, alipofariki mwanzoni mwa mwaka 2012. Tangu hapo aliogopa kuwa peke yake uani. Alihisi anatazamwa.

Mama Mkubwa aliugua muda mrefu, akitokwa na damu kama ya hedhi, isiyokoma, na chumba chake kilibaki na harufu hata baada ya mazishi. Siku ya kugawa nguo za marehemu, mama yake Sekela, Erica, alipewa kitenge kizuri kilichonunuliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Miezi mitatu baadaye, Erica naye akaanza kutokwa na damu.

"Dada yako anakuita," Bibi, mama yao mzazi, alimwambia. "Anataka kitenge chake. Tukirudishe, na usimwambie mtu."

Wakakizika kando ya kaburi, Sekela akiwatazama. Na kweli, damu ikakoma! Bibi akatembea kifua mbele, utadhani yeye ndiye daktari wa wilaya.

Jumatatu moja Sekela aliinama kuokota kahawa iliyoanguka, akakuta vitambaa vimeanikwa chini ya kichanja. Vilikuwa vimefuliwa, lakini madoa ya damu hayakuwa yametoka. Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama, imerudi lini?"

"Usimwambie mtu. Hata Bibi yako. Itakoma tu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo Sekela aliijua, lakini utamwambiaje mama yako mzazi? Kwa siku tatu alimwona Mama Mkubwa kila mahali: mlangoni, kisimani, hata katika namna mama yake alivyoketi ameegemea upande mmoja. Siku ya nne hakuweza tena. Alikwenda zahanati kwa nesi Gwalugano.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Kuna nini?"

Sekela alimweleza yote, kaburi, kitenge na vitambaa. Nesi hakucheka.

"Marehemu hamwiti mtu," alisema. "Hiyo inaweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi. Huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi hukipata, na miili yao hukishinda bila wao kujua. Kwa wachache hukaa miaka mingi."

"Kinakaa kinafanya nini?"

"Kinateka amri. Seli zetu hupokea ishara: gawanyikeni, sasa acheni. Kirusi kikiingia, huifanya seli itengeneze protini zake mbili. Ya kwanza humwangamiza mlinzi, yaani protini yetu inayoisimamisha seli iliyoharibika au kuiamuru ife. Ya pili huharibu breki. Umewahi kuona lori lililokatika breki mteremkoni?"

"Ndiyo."

"Basi seli zinakwenda hivyo hivyo. Zinagawanyika bila kusimama, mpaka unatokea uvimbe."

"Mbona damu ilikoma?"

"Huja na kupotea. Kukoma si kupona. Lakini sina uhakika mpaka apimwe. Twende kwenu."

Erica alipowaona alikasirika, kisha akalia. Bibi akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mnataka kumsumbua aliyelala?"

"Bibi, uliyemzika amelala," nesi alijibu kwa upole. "Huyu bado yu hai."

Bibi akasogea pembeni.

Katika hospitali kubwa mjini Mbeya walikuta saratani kweli, ila ilikuwa bado ndogo. Erica alipasuliwa, kizazi kikatolewa. Alirudi nyumbani amekonda, na madaktari wakamwambia asikose kwenda kuangaliwa tena. Sekela alifurahi mno, ingawa akiwa uani bado aligeuka nyuma mara kwa mara.

Jioni moja Bibi alimwita, akamketisha kando yake.

"Mjukuu wangu, Anyosisye alipoona damu mara ya kwanza, alikuja kwangu. Nikamwambia anyamaze, ni aibu. Akanyamaza mwaka mzima kwa kunitii. Ugonjwa husemwa mapema, kwa mtu anayeujua. Wewe ulisema, na mama yako yupo. Ukiwa mtu mzima, ukapimwe hata kama huumwi, wala usingoje ruhusa ya mtu kama mimi."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, Bibi akamlilia mwanawe.