Bukari ya Shangazi Adolphine

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mushiya alimfunga mama yake vifungo vya blauzi. Mama Elise aliugua baridi yabisi, ule ugonjwa wa viungo, tangu Mushiya akiwa mdogo. Vidole vyake vilivimba vikapinda, na asubuhi havikuweza kushika hata kijiko. Kwa hiyo Mushiya, sasa mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyesonga bukari, yaani ugali, ya nyumba nzima. Majirani zao wa Kolwezi walikwisha kuzoea.

Shangazi Adolphine hakuzoea. Huyu alikuwa dada ya baba, mfanyabiashara wa Sandoa, na mdomo wake ungetosha soko zima. Katika ukoo wao, wifi akija kutembea, mke wa nyumba humsongea bukari kwa mikono yake mwenyewe. Akisonga mwingine, mgeni huhesabu kwamba amefukuzwa. Siku ya kwanza ya ziara yake, Mushiya alipoleta chakula, shangazi aliisukuma sahani.

"Mi sikutoka Sandoa kuja kula bukari ya mutoto," alisema. "Elise, weye uko bibi ya ndugu yangu ao uko mugeni wake?"

"Mama Adolphine, vidole vinauma," Mama Elise alijibu kwa upole.

"Kila siku vinauma. Lakini saa ya kula, haviumake."

Kisha akavipinda vidole vyake mwenyewe, akajifanya anashindwa kuokota tonge. Na Mushiya alicheka. Ndiyo, binti wa kuzaa, aliyefunga vile vifungo asubuhi, alicheka mbele ya mama yake ili shangazi ampende. Mama Elise alimtazama kidogo tu, akaondoa vyombo.

Jumapili, baba akiwa kazini kwenye eneo la madini la Kingamyambo, shangazi aliwaalika rafiki zake baada ya misa. Mama Elise alisimama mbele ya mbabula, jiko lenye makaa mengi, akaubana mwiko kwa viganja kwa sababu vidole vilikataa. Jasho lilimtoka mpaka blauzi ikalowa. Halafu akaacha kusonga, akamwita binti yake kwa sauti ndogo.

"Mushiya, nasikia kitu kizito hapa kwa kifua. Kinapanda mupaka kwa taya. Haiko kama ya siku zote. Kimbia, uite Papa Barnabé atupeleke hospitali."

Barnabé, jirani yao, alikuwa na gari. Nyumba yake ilikuwa ya pili tu kutoka hapo. Lakini shangazi alikuwa barazani akisikiliza, na Mushiya aliogopa kuchekwa na wale wageni.

"Ni viungo vyako tu, mama," alisema kwa nguvu ili asikike. "Kila siku viungo. Songa, tantine Adolphine iko na njaa."

Barazani wakacheka. Mama Elise aliinama, akasonga tena, kisha akaketi chini polepole. Midomo yake ilibadilika rangi na pumzi ikawa fupi.

"Iko nafanya teatre, iko najifanya tu," alisema shangazi bila kuinuka. "Rumatisme ya vidole haiuake mutu."

Hapo ndipo Mushiya alipokimbia. Barnabé alimbeba mgonjwa hadi garini, na shangazi naye akapanda.

Hospitalini, daktari mwanamke aitwaye Kabemba alitoka baada ya muda mrefu. Baba alikuwa amefika, bado na viatu vya kazi. Daktari aliuliza maumivu yalianza lini na mgonjwa alisema nini. Shangazi alisema yeye hakusikia kitu. Mushiya alisema kweli yote: mama aliomba msaada, naye akamjibu kwamba ni viungo tu.

"Lakini docteur, ule iko mugonjwa wa vidole," shangazi akaingilia.

"Uvimbe hauishii vidoleni, mama," daktari alijibu. "Ugonjwa huu unaharibu hata mishipa ya damu ya moyo. Wenye baridi yabisi hupata ugonjwa wa moyo upesi kuliko wengine, kwa hiyo wapimwe moyo na shinikizo la damu mara kwa mara. Leo mshipa mmoja umeziba, na sehemu ya moyo wake imekufa. Haitarudi."

Baba alimgeukia dada yake. "Adolphine, kesho urudi Sandoa," alisema.

Waliporuhusiwa kuingia, Mushiya alipiga magoti kando ya kitanda akaomba msamaha. Mama Elise aliongea kwa shida.

"Adolphine hanipendake, nilijua," alisema. "Mi nilikuwa naita weye."

Mushiya alilia, wala hakuna aliyemnyamazisha. Daktari Kabemba alimngoja amalize, kisha akamwinua.

"Mtu aliyeugua miaka mingi anaweza kuugua kitu kipya," alimwambia. "Akikuambia maumivu haya si yale ya siku zote, mwamini palepale na ukimbie, hata watu wacheke. Leo mama yako ameishi. Moyo uliobaki ni mdogo, Mushiya, na hauwezi kukungoja tena."