Tamar Afagia Uwanja Wote

Jua lilipochomoza, watu wazima walikuwa tayari shambani wakichuma pamba. Vibandani kwa watumwa walibaki watoto, kuku, na Shangazi Phibba, aliyefua nguo za nyumba kubwa ya bwana na kumtania kila kiumbe, kuku wakiwemo.

Tamar alikuwa na miaka tisa. Alilea watoto wachanga na kufagia uwanja. Kwetu nyasi haziachwi mlangoni. Uwanja ni mchanga mtupu, unafagiwa kwa fagio la vijiti mpaka mistari ionekane. Mwanamke mwenye uwanja mchafu husemwa mpaka kaburini, na huko kaburini hupumzishwa kidogo tu.

Tamar alikuwa na kazi ya tatu pia. Hiyo haikutajwa. Shangazi Phibba alikuwa akimfundisha kusoma. Yeye mwenyewe alizidaka herufi utotoni, alipokuwa akimfukuzia nzi binti wa bwana wakati wa masomo. Karatasi hawakuwa nayo. Waliandika mchangani kwa kijiti, kisha wakafuta.

Huko Karolina ya Kusini, sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Mjomba wa Tamar alikamatwa akisoma. Alichapwa, akauzwa Georgia, na habari zake zikaishia hapo. Tangu siku hiyo Dinah, mama yake Tamar, akisikia tu neno "herufi", alimziba mdomo aliyelitaja.

Asubuhi moja Tamar alikuwa ameandika nusu ya jina lake. Akasikia kwato. Nyapara, Bwana Tuttle, alikuwa anakuja. Tamar akashika fagio, akafuta zile herufi haraka, akasimama kando.

Hapo ndipo alipokosea. Uwanja mzima ulijaa nyayo na alama za kuku za tangu jana. Katikati palikuwa na kipande kisafi, kipana kama sinia.

Bwana Tuttle akasimamisha farasi. Akakitazama kile kipande. Akamtazama Tamar.

"Mbona umefagia hapa tu?"

Tamar akarudi nyuma hatua moja. Kijiti bado kilikuwa mkononi.

Shangazi Phibba akatokea kwenye mvuke wa chungu cha kufulia, amebeba mtoto mchanga.

"Ni huyu, bwana. Ameharisha hapo tangu alfajiri. Nimemwambia Tamar azoe kwanza kwa kijiti, ndipo afagie. Ukishuka, angalia unapokanyaga. Huyu hajamaliza."

Nyapara akaziba pua, akageuza farasi. Lakini alipofika kwenye kona aligeuka, akatazama tena.

Dinah aliporudi na kusikia, alikivunja kile kijiti. Akasema masomo yamekwisha.

"Dinah mwanangu, si herufi zilizotaka kutuponza," Shangazi akasema. "Ni uvivu wa fagio."

"Wewe unacheka, Shangazi. Wakimuuza Tamar, mimi nitazika nini?"

Shangazi Phibba aliacha kucheka. Kisha akachukua fagio, akawaonyesha. Unafagia uwanja wote kabla ya somo. Ukimaliza somo, unafagia wote tena, kuanzia mlangoni ukirudi nyuma, ili nyayo zako ufute mwenyewe. Halafu unawafungulia kuku.

"Uwanja ukifagiwa wote, nani atauliza?" akasema. "Nyapara huuliza akiona umefagiwa kidogo. Na kuku ndio walinzi wetu. Hawana akili, ila hawajawahi kumsema mtu."

Dinah akaitazama njia aliyopita nyapara. Mwishowe akaokota kijiti kingine, akampa binti yake.

"Andika jina lako lote," akasema kwa sauti ndogo. "Nilione kabla halijafutwa."

Tamar akaandika. Mama akaligusa kwa kidole, kisha akalifagia mwenyewe.

Wiki iliyofuata Bwana Tuttle alikuja kimyakimya, kwa miguu. Tamar alikuwa ndiyo kwanza amewafungulia kuku. Nyapara akauzunguka uwanja polepole. Akaona mistari ya fagio na nyayo za kuku, basi. Akasema angalau kibanda hiki kina watu nadhifu, akaenda zake. Alikuwa amesimama pale lilipofutwa jina la Tamar, T mpaka R.

Kabla pamba haijaisha, watoto wa vibanda vingine nao walikuwa wakisoma, na viwanja vyote viling'aa.

Tamar alipokuwa mkubwa alitorokea kaskazini. Alisimama mbele ya kumbi zilizojaa watu, akaudai uhuru wa watumwa wote. Waungwana walimwuliza alisomea wapi.

"Mlangoni kwa mama yangu," alijibu. "Nyapara alikuwa akipakanyaga."