Pumzi Chini ya Kifusi

Kila asubuhi fundi cherehani na mkewe walifungua duka lao, chini ya jengo la ghorofa tatu. Mume alishona, mke alipiga pasi, na utani haukuisha kati yao. Siku moja uzi mweusi uliisha. Fundi akavuka barabara kununua mwingine.

Alisikia kishindo, na aliporudi, jengo halikuwepo.

Ghorofa zote tatu zilikuwa zimelala chini, lundo la zege na vumbi, na mkewe alikuwa humo. Aliparamia kifusi akaanza kuchimba kwa mikono. Majirani zaidi ya ishirini wakapanda kumsaidia. Umoja ni nguvu, lakini siku hiyo nguvu ilikwenda upogo.

Waokoaji walifika. Mmoja wao, mwanamke mwenye kofia ngumu, alibeba sanduku dogo.

"Shukeni wote," alisema. "Hii ni rada. Inatuma mawimbi ndani ya kifusi. Yakigonga kifua kinachopumua, yanarudi na kutuonyesha mtu alipo."

Majirani walishuka. Fundi alibaki.

"Dada, mke wangu yumo humu. Siwezi kumwacha."

Mwokoaji alitazama mashine yake. "Kaka, hapa naona mtu mmoja tu anayetikisika, naye ni wewe. Pumzi ni kitu kidogo. Ukisogea, unaifunika. Shuka tumtafute."

Fundi alishuka. Alisimama mbali pamoja na wenzake. Hakuna aliyesogea. Zilipita dakika nne, ndefu kuliko mwaka.

"Anapumua," mwokoaji alisema. "Mita tatu ndani, karibu na ngazi."

Fundi alikuwa akichimba upande wa mlangoni.

Alasiri walimtoa mkewe, mguu umevunjika, uso mweupe kwa vumbi.

"Nilikuchimbia kwa mikono yangu, mama watoto," fundi alisema.

"Kumbe ni nyinyi mliokuwa juu?" mke aliuliza kwa taabu. "Kila mlipokanyaga, mawe yalinishukia. Mlipoacha, ndipo nikapata kupumua."

Fundi alimfuta vumbi usoni.

Leo mguu umepona, na wanashona katika duka jingine. Kila mteja anayekuja kupimwa nguo huambiwa: jengo likianguka, usipande juu. Ita waokoaji, waambie waliomo ni wangapi, kaa mbali, tulia.

"Mimi nilikuwa juu nikimwokoa," fundi humalizia, "na nusura nimuue."