Maneno Aliyoyabakiza Inamahoro

Kila asubuhi, kabla ya uji, Inamahoro alimvalisha baba yake shati. Alianza na mkono wa kulia, ule mgonjwa, kisha mkono mzima, kisha vifungo. Halafu alimfunga kitambaa cha kuning'iniza mkono, fundo nyuma ya shingo. Baba yake, Ndikumana, alikuwa seremala mwenye kifua kipana. Alikaa kwenye kigoda akitazama ukuta, akivalishwa kama mtoto.

Walikuwa wamepanga chumba kimoja Ujiji, uani kwa Mwanvua, mwanamke aliyeanika na kuuza dagaa. Ilikuwa miaka ile ya vita Burundi, watu wakivuka Ziwa Tanganyika usiku kukimbia. Inamahoro na mama yake walitangulia kuvuka. Baba alifuata pamoja na mdogo wake, Gélase, na mtumbwi wao ukapinduka. Baba alishika ubavu wa mtumbwi kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akamshika Gélase. Wimbi likavuta. Bega likachomoka na kano zake zikakatika. Gélase hakuonekana tena.

Madaktari wa Kigoma mjini walizishona zile kano. Mama alibaki kwenye kambi ya wakimbizi na mtoto mdogo, na baba akapewa kibali cha kukaa mjini mpaka matibabu yaishe. Inamahoro, mwenye miaka kumi na miwili, alikuja naye kwa sababu moja tu: alijua Kiswahili. Alikijulia Rumonge, mji wa Burundi wenye Waswahili wengi, alikokuwa akikaa kwa shangazi yake. Baba yake alijua kusema "asante" na "bei gani", basi.

Mazoezi ya bega yalisimamiwa na Feliksi, kijana Mngoni kutoka Songea aliyehamia Kigoma mwaka huo. Alikuwa mtaalamu wa viungo, lakini kila mtu alimwita daktari. Hakujua Kirundi wala Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Muulize mzee, maumivu yakoje? Sifuri ni hakuna, kumi ni yasiyovumilika. Muulize kama anaweza kufunga vifungo. Kama anaulalia upande ule. Na moyoni je, ana amani? Anaogopa kuutumia mkono?"

Inamahoro aliuliza yote kwa Kirundi. Baba yake alijibu kwa kirefu. Alisema maumivu ni nane. Alisema halali. Alisema kila akiunyanyua mkono anaona maji, na mwili wote unakakamaa. "Mwambie siogopi maumivu," alisema. "Naogopa mkono wenyewe. Ndio uliomwachia Gélase."

Inamahoro akamgeukia Feliksi. "Anasema anaendelea vizuri. Maumivu ni mawili. Analala."

Feliksi alimtazama. "Baba yako amesema maneno ya kujaza pipa, wewe unanimiminia kikombe."

"Kirundi ni kirefu, daktari."

Feliksi akacheka, akaongeza mchanga katika kindoo ambacho Ndikumana alitakiwa kukinyanyua.

Inamahoro hakusema uongo kwa kupenda. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo alipewa na Jumanne, mtoto wa Mwanvua. Jumanne alisikia jinsi mpangaji wao alivyokuwa akishtuka usingizini na kuliita jina la Gélase.

"Mzee wako akijulikana analia usiku, kwisha," Jumanne alimwambia wakigeuza dagaa juani. "Atapakiwa kwenye treni mpaka Dodoma, kwenye hospitali ya vichaa. Huko ukiingia hutoki."

"Baba yangu si kichaa."

"Kamwambie daktari, siyo mimi."

Tangu siku ile, kila treni ilipopiga honi kule stesheni ya Kigoma, Inamahoro aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza. Kama baba angepelekwa mbali, yeye angerudi kambini na habari gani kwa mama? Basi akaamua kumlinda. Kila baba alipotaja maji, au usiku, au Gélase, yeye aliyabakiza maneno hayo na kutoa mengine.

Feliksi naye akazidi kuongeza mchanga. Kwa nini asiongeze? Aliambiwa mgonjwa hana shida.

Bega lilianza kuvimba. Siku moja Inamahoro alilikanda kwa maji ya moto, baba akauma meno.

"Baba, ukichoka si uache kunyanyua kile kindoo."

"Niache vipi? Nimemweleza daktari yote. Maumivu nimemweleza. Habari za Gélase, ambazo sijawahi kumweleza hata mama yako, nimemweleza. Kwetu wanasema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, lakini mimi niliyatoa nje. Naye amesikia, akaongeza mchanga." Akalitazama bega lake. "Basi ameona ninastahili adhabu. Nitanyanyua."

Inamahoro aliendelea kukanda. Alitaka kusema, akaikumbuka treni.

Siku ya mazoezi iliyofuata umeme ulikatika hospitalini. Chumba cha mazoezi kilikuwa giza, kwa hiyo Feliksi akawatoa wagonjwa barazani. Wengine walikaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Mmoja wao alikuwa Melania, mkulima wa kijiji cha Kidahwe, mkono wake umefungwa plasta ngumu mpaka kiwikoni.

Feliksi aliukunja na kuukunjua mkono wa Ndikumana. Hakufurahi. "Hapa kuna jambo. Kwa majibu mnayonipa, mkono huu ungekuwa umeshafika juu ya kichwa. Lakini umeganda. Kama hauendi, itabidi arudi chumba cha upasuaji wafungue tena. Muulize kwa mara nyingine, anajisikiaje?"

Inamahoro akauliza. Safari hii baba alisema machache. "Mwambie sina la kuongeza. Maumivu ni yaleyale, maji ni yaleyale. Alete huo mchanga."

"Anasema... nafuu ipo."

Feliksi akakuna kichwa. "Haya. Tujaribu uzito wa mwisho, nione." Akakisogeza kindoo kilichojaa mpaka mdomoni. Ndikumana akainama, vidole vikashika mpini, jasho likimtoka kabla hata hajanyanyua.

"Daktari, simama hapo kwanza."

Ilikuwa sauti ya Melania. "Mimi ni Muha. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Huyo binti hajakupa alichosema baba yake." Akamgeukia Inamahoro. "Mwanangu, ulidhani Kigoma hii hatuna masikio? Benchi zima limesikia. Haya, sema mwenyewe. Nisikusemee mimi."

Baba alikuwa ameanza kuvuta. Uso wake ulibadilika rangi. Inamahoro aliruka akakishika kile kindoo kwa mikono miwili, akakirudisha chini.

"Mtamtia kwenye treni?" alimuuliza Feliksi.

"Treni gani?"

"Ya Dodoma. Jumanne alisema mtu anayelia usiku anafungwa huko."

"Na huyo Jumanne ni daktari wa hospitali gani?"

Benchi likacheka. Feliksi hakucheka. Alichuchumaa mbele yake. "Hakuna anayefungwa kwa kulia. Nieleze."

"Nimweleze baba kwanza," alisema Inamahoro. Akamgeukia, akasema kwa Kirundi, macho chini: maneno yako sikuyafikisha, baba. Hata mara moja.

Ndikumana alikaa kwenye benchi. "Kwa hiyo huyu bwana hajawahi kunisikia?"

"Hajakusikia."

"Hakunihukumu?"

"Hapana, baba. Hakujua."

Ndikumana alikisukuma kindoo pembeni kwa mguu. Kisha akasema, "Basi mwambie sasa. Yote, na usipunguze."

Akaeleza upya, na Inamahoro akafikisha neno kwa neno: nane, usiku, maji, mkono uliomwachia Gélase. Melania alisikiliza, akitikisa kichwa kukubali. Inamahoro alipofika mwisho, Ndikumana alikuwa akilia, pale barazani, mbele za watu. Mzee mmoja akasogea ampe nafasi zaidi. Hakuna aliyemcheka.

Feliksi akamwaga mchanga wote nje. "Mwambie hivi. Bega likichomoka na kano zikikatika, mkono hauna nguvu tena. Mtu hodari kuliko wote asingeweza kushika. Hukumwachia ndugu yako. Na mtu anayeuogopa mkono wake anaukaza, na mkono unaokazwa unaganda. Tutaanza upya, mkono mtupu bila mzigo. Na utaonana na muuguzi wetu anayezungumza na watu waliopitia mambo mazito. Yuko hapahapa Kigoma. Wengi wanamwona, wenyeji na wakimbizi."

Kisha akasema, "Na mimi nimekosea. Nilimtwika mtoto kazi ya mtu mzima. Mama Melania, kliniki yako ni siku hizihizi. Utatusaidia kutafsiri?"

"Mdomo haujafungwa plasta," alijibu Melania.

Jioni ile baba alimgombeza Inamahoro, na alistahili. Lakini usiku ule baba alilala.

Bega lilichukua miezi. Siku nyingine lilirudi nyuma, na baba alisema hivyo, wakapunguza mazoezi. Masika yalipokwisha aliufikisha mkono juu ya kichwa. Hakurudi tena chumba cha upasuaji.

Siku ya kuagana, Inamahoro alikuwa akifunga virago kurudi kambini kwa mama. Feliksi alikuja mpaka Ujiji kuwaaga, akamwita pembeni.

"Sikiliza. Kovu naliona kwa macho. Bega napima kwa mikono. Lakini maumivu na hofu siwezi kuviona, anavijua mwenye navyo peke yake. Akisema, nina dawa. Akificha, au akifichiwa, ninatibu gizani, na naweza kumuumiza huku nikidhani ninamponya. Ulimpenda baba yako, najua. Siku nyingine ukiogopa jambo, muulize mtu mzima anayelijua, usiulize watoto wenzako uani. Na mgonjwa akikupa neno lake, lifikishe lilivyo."

"Ndiyo, daktari," alisema Inamahoro.